Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali yetu: turudishieni chumba cha mazoezi, na kicheko chake

Kwa:
Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali,
Mganga Mfawidhi,
Katibu wa Afya wa Hospitali.

YAH: KUSIMAMISHWA KWA KIKUNDI CHA MAZOEZI CHA WAGONJWA WA MAUMIVU SUGU

Waheshimiwa viongozi,

Tafadhalini husikeni na mada tajwa hapo juu.

Tunaandika kwa heshima, sisi watumishi wa kitengo cha fiziotherapia (tiba ya viungo) pamoja na wagonjwa wa maumivu sugu wanaohudumiwa hapo. Jambo hili tulilipitisha kwanza katika njia zake: kwa mkuu wa kitengo, kwa barua iliyogongwa muhuri wa masjala, kisha katika kikao cha idara. Jibu la maandishi halikuja. Lililokuja ni la mdomo, kwamba chumba kinahitajika kwa matumizi mengine na kwamba zile kelele za kule nyuma zinaharibu sura ya hospitali. Jina la hospitali hatulitaji, kwa kuwa nia yetu si kumwaibisha mtu. Isitoshe, wapo watakaosoma barua hii katika mikoa mingine wakaapa kuwa imeandikwa na watu wa kwao.

Kelele zenyewe ni kicheko cha wazee wenye magoti na akina mama wenye viuno, wakiwa katikati ya mazoezi. Tutaeleza kwa nini kicheko hicho kipo, kinafanya kazi gani na kina mipaka gani. Lakini kwanza tukubaliane juu ya ugonjwa wenyewe, maana maamuzi yaliyotolewa yanaonyesha hatukubaliani.

Maumivu sugu ni yale yanayoendelea au yanayorudi-rudi kwa zaidi ya miezi mitatu. Orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022 imeyapa namba zake yenyewe, kwa hiyo hayahesabiki tena kama kivuli cha ugonjwa mwingine. Msuli au kano iliyoumia kwa kawaida hupona ndani ya wiki kadhaa. Kwa baadhi ya watu kidonda hupona lakini mfumo wa fahamu hubaki macho: mguso mdogo unapelekwa kama taarifa kubwa, uti wa mgongo unaikuza, ubongo unaipokea kama hatari. Watafiti Melzack na Wall walipendekeza mwaka 1965 kwamba uti wa mgongo hauachi kila taarifa ipite kama ilivyo. Huifungulia au huibana kufuatana na yanayoshuka kutoka ubongoni, yakiwamo hofu, usingizi na utulivu. Mengi katika nadharia yao yamerekebishwa tangu hapo, ila hilo la msingi limesimama. Ndiyo maana picha ya eksirei inaweza kuwa safi na mgonjwa akawa anaumia kweli. Anayemwambia mgonjwa huyo "huna kitu" amesoma picha, mtu hakumsoma.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Chumba kimegeuzwa stoo.

Chumba cha mazoezi sasa kina maboksi na vitanda vilivyokatika magurudumu. Tuliambiwa tutumie korido, na ikishindikana ukumbi wa mikutano wa ghorofani. Tuanze na korido. Nusu ya mazoezi ya kiuno hufanywa mtu akiwa amelala chali, magoti yamekunjwa, akiinua nyonga. Hakuna mama wa heshima zake atakayefanya hivyo katika njia ya kupitisha machela, na hatutamwomba afanye. Sakafu ni ya vigae na hupigwa deki mchana. Hakuna pa kujishikiza kwa mtu ambaye mizani ya mwili wake imepotea.

Ukumbi wa ghorofani unafikiwa kwa ngazi tu. Kumpandisha ngazi mgonjwa wa goti ili akafundishwe namna ya kupanda ngazi ni mzaha ambao hata sisi wapenda mzaha hatuuwezi. Akitokea wa kupendekeza njia ya mteremko, ahesabu kwanza: mteremko salama hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Ghorofa yenye kimo cha mita 3 itadai njia ya mita 36, bila kuhesabu sehemu za kupumzikia.

Chumba cha zamani kilitosha watu 10, kila mmoja na mkeka wa mita 2 kwa 1 na kiti chake. Hatuombi kikubwa zaidi.

2. Mazoezi yamebadilishwa kwa mashine.

Tangu kikundi kisimamishwe, mgonjwa wa kiuno analazwa chini ya taa ya joto dakika 15, anawekewa mashine ya umeme au ya mawimbi ya sauti, anavaa viatu, anaondoka. Anatoka amefarijika, na faraja hiyo kwa kawaida haifiki mbali.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima bila upasuaji. Unashauri mazoezi, elimu kwa mgonjwa, na msaada wa kisaikolojia. Na unashauri kutotumia kama kawaida mashine ya mawimbi ya sauti, mashine ya umeme wa ngozini, kuvutwa kiuno kwa uzito, na mikanda ya kiuno. Yaani katika chumba chetu cha matibabu tumebakiza yale ambayo mwongozo umeyaweka pembeni, na tumefunga lile uliloliweka mbele. Taa ya joto hatuna ugomvi nayo ikitumika kabla ya mazoezi, kwa sababu mwili uliopata joto hukubali kusogea. Ugomvi wetu ni kuifanya taa kuwa tiba nzima.

Kwa kuwa baadhi ya wajumbe wa kikao walisema hawajui kinachofanyika kwenye kikundi "zaidi ya kupiga soga", tunakiweka hapa hadharani. Ni dakika 60, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 8, watu 8 hadi 10. Dakika 10 za kwanza ni salamu na vipimo: maumivu ya leo kuanzia 0 hadi 10, usingizi wa jana, na kazi gani ya nyumbani imewezekana. Dakika 10 kupasha mwili. Dakika 25 ni vituo vitano, kila kituo dakika 3 za kazi na 2 za kupumzika na kuhama. Dakika 10 elimu, na 5 za mwisho kupumua taratibu.

Vituo ni hivi. Kuketi na kusimama kwenye kiti cha sentimita 45 kisicho na mikono. Asiyeweza anakunjiwa blanketi akalie hadi kimo kifike 55, na kila wiki tunapunguza mkunjo mmoja. Kuinua nyonga ukiwa chali. Kupanda na kushuka kidato cha sentimita 15. Kuvuta mpira wa tyubu ya baiskeli uliofungwa kwenye komeo. Cha tano ni kubeba dumu: wiki ya kwanza lita 3, kisha 5, kisha 10, na mwisho madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, badala ya moja la 20 linalovuta mwili upande mmoja. Khanga iliyosokotwa hupitishwa chini ya wayo kunyoosha msuli wa nyuma ya paja. Tyubu hukaguliwa kila siku kabla ya kuanza, maana iliyokauka hupasuka na kumchapa mtu usoni.

Kinachoharibika mara nyingi ni vitu vitatu. Mtu kubana pumzi anapojikaza. Mtu kukimbiza hesabu ili amalize kabla ya jirani. Na wiki ya tatu: mgonjwa anajisikia nafuu, anarudi nyumbani kufua nguo za mwezi mzima, kisha anakaa kitandani siku tatu akiamini mazoezi yamemdhuru. Kwa huyo tuna kanuni. Apime dakika anazoweza kuinamia beseni kabla maumivu hayajapanda kwa alama mbili, apime siku tatu tofauti. Akipata 15, 12 na 18, wastani ni 15. Aanze na asilimia 80 ya hapo, yaani dakika 12, kisha anyooke apumzike kwa kufuata saa, hata kama bado anajisikia ana nguvu. Kila wiki aongeze kama asilimia 10. Hii ndiyo elimu ya zile dakika 10, na mashine hazina mdomo wa kuifundisha.

Maumivu wakati wa zoezi yakibaki 5 au chini yake, na kesho asubuhi yakawa yamerudi pale yalipokuwa, tunaendelea. Yakizidi 5, au yakilala hadi kesho yake, tunapunguza uzito au idadi. Hatuachi zoezi.

3. Sindano imekuwa njia ya mkato.

Wagonjwa waliokuwa wakija kikundini sasa wanarudi dirisha la wagonjwa wa nje kuchomwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kila yanapochachamaa. Sindano hiyo, miligramu 75 katika msuli, haikusudiwi kuzidi siku mbili. Kiwango cha juu cha dawa yenyewe kwa siku ni miligramu 150. Wengi wa wagonjwa wetu ni wazee wenye presha, na baadhi figo zao tayari zina matatizo. Dawa hii hupandisha presha, huumiza figo na huchimba tumbo hadi kutoa damu. Ikichomwa vibaya kwenye tako, nje ya ile robo ya juu ya upande wa nje, huweza kujeruhi mshipa wa fahamu wa mguu, na hapo mgonjwa wa kiuno anakuwa mgonjwa wa kiuno na mguu.

Hatusemi dawa zisitolewe. Maumivu yakimzuia mtu hata kuanza zoezi, dawa kwa siku chache ina nafasi yake. Tunasema isiwe badala.

4. Katazo la utani.

Hapa ndipo tunapotaka mtuvumilie, kwa sababu ndipo tulipochekwa. (Kucheka kumbe hakukatazwi vikaoni.)

Agizo lilisema wagonjwa wafanye mazoezi "kwa utulivu unaolingana na mazingira ya hospitali". Wasiojua kazi hii wanaweza kuona ni agizo jepesi. Tueleze lilichovunja.

Mtu mwenye maumivu ya muda mrefu hujikaza. Hukaza tumbo, hukaza mabega, hubana pumzi, kisha husogea kama gogo. Kumwambia "legea" hakusaidii. Atakaza zaidi akijaribu kulegea. Lakini anayecheka hawezi kubana pumzi, maana kicheko ni pumzi inayotoka kwa mafungu. Kwa hiyo mtaalamu anayejua kazi yake huachia mzaha wakati wa kurudia mara ya sita au ya saba, pale watu wanapoanza kubana. Kuhesabu kwa sauti nako hufanya kazi hiyohiyo, ila watu huchoka kuhesabu kabla hawajachoka kucheka.

Halafu kuna hofu. Mgonjwa aliyeambiwa mgongo wake "umekwisha" hukataa kuinama. Akiwa kwenye mduara na watani wake huinama bila kukusudia, akijibu mapigo. Kisha tunamwonyesha kwamba ameinama na hakuna kilichovunjika. Somo hilo halifundishiki kwa karatasi.

Nchi hii bahati nzuri ina utani wa makabila, wenye kanuni zaidi kuliko huo unaosomwa vitabuni. Watani huchekeshana hata msibani, jeneza likiwa sebuleni, na hakuna anayewaita wahuni. Katika kikundi, Mpare akifika mara ya nane anaanza kuzembea, na mtani wake Mchaga anamwambia amalizie, kwani mbili zilizobaki hawezi kwenda kuzidai mahakamani. Mpare anamjibu kuwa yeye anamwona amesimama haraka leo, bila shaka amesikia sarafu ikianguka. Watu 10 wanacheka, na wote wamefikisha 10. Wengine wameyapa maumivu yao jina la baba mwenye nyumba, kwa kuwa huja alfajiri bila hodi. "Leo baba mwenye nyumba kapita?" ni swali ambalo mgonjwa hulijibu kwa ukweli zaidi kuliko "unaumia kiasi gani?" Na kwetu ni kipimo tosha cha kuanzia.

Utani huo haukuwa holela. Kanuni zilibandikwa ukutani, nyuma ya mlango uliofungwa sasa. Mtumishi haanzi kumtania mgonjwa. Mgonjwa ndiye hufungua mlango. Anayetaniwa ana haki ya kujibu. Unene, utasa, dini, ndoa iliyovunjika na ulemavu haviguswi. Aliyefiwa huachwa hadi mwenyewe arudi mchezoni. Na kauli kama "wewe unadeka tu" si utani, hata ikisemwa kwa tabasamu. Hiyo ni dharau, na ikitoka kwa mtumishi tunairipoti.

Zaidi ya hapo kuna usalama wa mwili, ambao tungeulizwa tungeueleza. Kituo cha dumu na kituo cha kidato ni marufuku kutania: kicheko hulegeza miguu na mikono kwa muda, na dumu la lita 10 likianguka juu ya vidole halina mtani. Mwenye mbavu zilizovunjika, mfupa wa mgongo uliobonyea, au aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo au ngiri hivi karibuni hashiriki hadi aruhusiwe, na akiruhusiwa hukumbatia mto tumboni kicheko kikimjia. Mwenye pumu huja na dawa yake ya kuvuta.

Na kuna la aibu, ambalo wanawake wengi hawalisemi: mkojo hutoka kidogo wanapocheka au kupiga chafya, hasa waliozaa mara nyingi. Wapo wanaoacha kuja mazoezini kwa sababu hiyo tu na kuandikwa kwenye faili kuwa "hawana nia". Tunawafundisha kukaza misuli ya chini ya nyonga, kana kwamba wanazuia mkojo na upepo kwa pamoja, sekunde chache kisha kuachia kabisa, mara 8 hadi 10, mara tatu kwa siku, bila kubana pumzi wala makalio. Na wakihisi kicheko kinakuja, wakaze kabla hakijatoka. Mbinu hiyo ndogo imewarudisha watu kanisani, msikitini na kwenye mabasi ya safari ndefu. Imefundishwa ndani ya kikundi hiki mnachokiita cha soga.

Je, kuna ushahidi? Upo, nao una mipaka yake. Mtafiti Robin Dunbar na wenzake Uingereza walichapisha mwaka 2011 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliocheka pamoja walistahimili maumivu zaidi baada ya hapo kuliko waliotazama kitu kisichochekesha. Watafiti wa Turku, Ufini, mwaka 2017 walipiga picha za ubongo na kuona kuwa kucheka pamoja na marafiki huachia kemikali za mwili zinazofanana kazi na mofini, dawa kali ya maumivu. Waliopimwa walikuwa watu wazima wenye afya, si wagonjwa wa maumivu sugu. Hatudai kwamba kicheko kinatibu goti. Goti linasaidiwa na paja lenye nguvu, na paja hupata nguvu kwa mgonjwa kurudi wiki baada ya wiki. Kicheko ndicho kinachomrudisha.

5. Fomu ya malipo haina kisanduku.

Hili ni fupi, na tunashuku ndilo kubwa. Fomu ya huduma ina visanduku vya taa ya joto, mashine ya umeme, mawimbi ya sauti na kuchua. Mazoezi ya kikundi hayana kisanduku. Kwa hiyo mwisho wa mwezi kikundi huonekana hakikuingiza kitu, na chumba huonekana kimekaa bure. Kisanduku kiongezwe.

Waheshimiwa, tunajua yatakayosemwa, kwa kuwa mengine yamekwisha kusemwa.

Kwamba watumishi ni wachache. Ni kweli. Ndiyo sababu ya kuwa na kikundi: mtaalamu mmoja anayewahudumia wagonjwa mmojammoja kwa dakika 15 anaona wanne kwa saa. Kwenye mduara anaona 10 kwa saa hiyohiyo, na kila mmoja anapata saa nzima.

Kwamba hakuna bajeti. Orodha ya vifaa mmeisoma: viti, mikeka, blanketi, tyubu za baiskeli, madumu, kidato cha mbao. Bei ya mashine moja ya mawimbi ya sauti ingevinunua vyote na chenji ikabaki.

Kwamba wagonjwa wenyewe wanapenda mashine. Wanazipenda, na hatuwalaumu; mtu aliyeumia miaka mingi anapenda kulala akahudumiwa. Kazi ya hospitali ni kumweleza mgonjwa kinachosaidia, kisha kukiweka pale anapoweza kukifikia.

Kwamba tunaweza kuficha ugonjwa mbaya nyuma ya vicheko. Hoja hii ni nzito, tunaipokea. Ndiyo maana kila anayeingia kikundini huchunguzwa kwanza. Ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, mkojo kuziba au kutoka bila habari, au miguu yote miwili kuishiwa nguvu: huyo ni wa dharura, anapelekwa siku hiyohiyo. Homa na jasho la usiku pamoja na kukonda, mgongo ukiwa umetoa nundu: tunafikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo. Aliyewahi kuwa na saratani, aliyeanguka vibaya, anayeumia zaidi usiku akiwa amelala: anarudi kwa daktari kwanza. Mwenye selimundu (sikoseli) aliye katikati ya shambulio haji kwenye mduara. Chini ya taa ya joto maswali hayo nani anauliza?

Kwamba kicheko huambukiza, na Kashasha ikatajwa. Tunashukuru kwa kukumbushwa historia, ila ikumbukwe vizuri. Shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, upande wa Bukoba, ilianza kupatwa na vicheko tarehe 30 Januari 1962, na Machi 18 ikafungwa. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari zake mwaka 1963, hawakupata sumu wala vijidudu. Walieleza wasichana waliocheka na kulia kwa vipindi, waliohangaika, walioshindwa kusoma. Ilikuwa dhiki ya pamoja iliyojitokeza kwa sura ya kicheko, bila mzaha wowote ndani yake. Wagonjwa wetu wanacheka kwa sababu kuna kilichochekesha, na wakimaliza wanahamia kituo kinachofuata.

Kwamba wodi ya jirani inasumbuliwa. Hapa tuko tayari kukubaliana. Kikundi kihamie saa tisa alasiri, baada ya madaktari kupita wodini na kabla ya saa za kuwaona wagonjwa, madirisha ya upande wa wodi yafungwe. Wodini kukiwa na mgonjwa mahututi, muuguzi wa zamu atupe taarifa nasi tutafanya kikao cha kupumua siku hiyo. Kabla ya agizo kutolewa hakuna aliyetuuliza.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Chumba kiachiwe ndani ya siku 14 za kazi. Maboksi yana pa kwenda. Tumeonyesha kontena tupu lililo nyuma ya jiko.

(b) Agizo la "utulivu" lifutwe kwa maandishi, na kanuni za utani tulizozieleza ziambatishwe kama utaratibu wa kitengo.

(c) Kisanduku cha mazoezi ya kikundi kiingizwe kwenye fomu, na ofisi ya bima ya hospitali ipeleke maombi ya kukitambua.

(d) Madaktari wa wagonjwa wa nje wapewe utaratibu: mgonjwa wa maumivu ya zaidi ya miezi mitatu asiye na dalili za hatari apewe rufaa ya kikundi siku hiyohiyo, na asiandikiwe kulala kitandani wala mkanda wa kiuno kama tiba ya kudumu.

(e) Matokeo yapimwe, ili tusibishane kwa hisia. Mwanzoni na baada ya wiki 8, kila mgonjwa apimwe ni mara ngapi anaweza kuketi na kusimama ndani ya sekunde 30 bila kutumia mikono. Kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64, chini ya mara 12 ni pungufu. Kwa mwanamume wa umri huo, chini ya 14. Ziongezwe alama za maumivu, usingizi, idadi ya sindano alizochomwa, na kazi moja ya nyumbani aliyoichagua mwenyewe. Takwimu ziletwe kwenye bodi kila robo mwaka. Zikionyesha kikundi hakisaidii, tutakifunga wenyewe na kurudisha ufunguo.

Tunaomba jibu la maandishi, likiwa na jina la ofisa atakayesimamia kila kipengele na tarehe yake. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa wagonjwa wa nje, kwa maandishi makubwa na kimo cha macho ya mtu aliyeketi, kwa kuwa wengi watakaotaka kuisoma hawawezi kusimama muda mrefu.

Wenu katika kazi,

Watumishi wa kitengo cha fiziotherapia na wawakilishi wa wagonjwa wa maumivu sugu.

Nakala:
Mganga Mkuu wa Mkoa,
Muuguzi Mfawidhi,
Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya Hospitali.